Matumizi ya Intaneti na Barua Pepe Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayoletwa kwenye dirisha la ofisi ya TEHAMA kila muhula, na mengine kila siku. Tumeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Ukiwa na haraka na unataka kusoma moja tu kwa leo, soma la 4.

## Ya msingi

1. Sheria hizi zinamhusu nani?

Kila anayeingia kwenye mtandao wa chuo au kutumia anwani ya chuo: mwanafunzi, mkufunzi, mhasibu, mtunza stoo, na hata mgeni aliyepewa vocha ya siku moja. Kifaa si hoja. Simu uliyonunua kwa hela yako ikishika waifai ya chuo imeshaingia ndani ya sheria. Na barua pepe ya chuo inabaki kuwa ya chuo hata ukiifungua ukiwa nyumbani Nansio kwa bando lako mwenyewe.

2. Matumizi yangu binafsi yanaruhusiwa?

Yanaruhusiwa, kwa kiasi. Kusoma habari, kuzungumza na nyumbani, kuangalia ratiba ya meli au basi, hakuna atakayekuuliza. Mtandao umelipiwa kwa ajili ya masomo, utafiti na uendeshaji wa chuo, kwa hiyo cha kwako kinapita pale kisipomzuia mwenzako kufanya cha chuo. Mipaka yenyewe iko kwenye swali la 11.

3. Mbona mtandao unakuwa mzito kila ikifika saa mbili usiku?

Kwa sababu saa hiyo wote mmetoka kula na wote mmeshika simu. Tufanye hesabu. Chukua laini ya megabiti 100 kwa sekunde. Wakiingia watu 400 kwa pamoja, kila mmoja anabaki na robo ya megabiti. Kitabu cha megabaiti 6 kwa kasi hiyo kinachukua kama dakika tatu kushuka, jambo ambalo mtu anaweza kulivumilia. Sasa video moja ya ubora wa juu inataka karibu megabiti 5. Watu 20 wakifungua filamu kwa wakati mmoja, megabiti zote 100 zimekwisha, na waliobaki 380 wanatazama kiduara kinazunguka. Ndiyo maana jioni tunabana video na kuachia maktaba, mfumo wa masomo na barua pepe.

Kuna siku tatizo linakuwa mbali na sisi kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikapata shida. Siku ya namna hiyo tunabandika tangazo mlangoni, na hakuna haja ya kupanga foleni dirishani.

## Akaunti na nywila

4. Rafiki yangu amesahau nywila yake. Naweza kumpa yangu aingie mara moja tu?

Hapana. Hata mara moja.

Tunajua unaombwa na mtu unayekula naye sahani moja, na kukataa kunaonekana ni roho mbaya. Lakini kesi nyingi tulizowahi kushughulikia hazikuanza na mdukuzi wa kutoka nje. Zilianza na wema. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alikuja dirishani asubuhi, kashika simu kwa mikono miwili. Usiku ule anwani yake ilikuwa imetuma barua kwa darasa zima ikiomba elfu kumi kumi kwa ajili ya mama yake aliyelazwa Bugando. Mama yake alikuwa mzima wa afya, yuko Mwaloni anapakia dagaa. Wiki tatu nyuma alikuwa amempa mwenzake nywila amsaidie kupakia kazi ya darasa. Mwenzake akaihifadhi kwenye simu, na simu ikaibwa kwenye daladala ya Igoma. Kati yao wawili hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kumbukumbu za mfumo zilikuwa na jina moja, lake, na waliokuwa wameshatuma hela walimtazama yeye. Ilichukua siku mbili kumsafisha, na baadhi ya wenzake mpaka leo hawajaamini.

Kila kinachofanywa kwa nywila yako kinahesabiwa ni chako mpaka ithibitike vinginevyo, kama ambavyo saini yako ni yako. Rafiki aliyesahau nywila aje kwetu na kitambulisho. Tunambadilishia kwa dakika tano, na jioni yupo mtu wa zamu mpaka saa tatu.

5. Nywila nzuri ni ipi?

Ndefu. Maneno manne yasiyohusiana, ya lugha yoyote unayoijua, Kisukuma, Kikerewe, Kijita, yakiungwa pamoja yanamshinda mtu kuyabahatisha kuliko jina lako lenye mwaka wa kuzaliwa na alama ya mshangao mwishoni. Usitumie namba ya usajili, namba ya simu, wala jina la timu yako. Usiitumie nywila ya chuo kwenye tovuti nyingine, maana tovuti ile ikivuja, mlango wa huku nao umefunguka. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, ule unaokuletea namba kwenye simu, kisha namba hiyo usimsomee mtu yeyote (tazama swali la 15).

6. Nilifungua barua pepe stesheneri ili nichapishe, nikaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Nifanye nini?

Usirudi mbio stesheneri kwanza. Chukua simu yako, ingia kwenye akaunti, badilisha nywila, kisha chagua kutoka kwenye vifaa vyote. Ukiwa huna bando, piga simu ofisini tukufungie kwa muda. Hapo ndipo urudi, uangalie kama faili lako limebaki kwenye kompyuta ile, ulifute, na ulifute hata kwenye kapu la taka. Wenye stesheneri za getini wengi ni watu wazuri, ila kompyuta zao zinapita mikono mingi kwa siku.

Njia salama zaidi ni kuchapisha maktaba. Ukilazimika kwenda nje, peleka faili moja hilo tu kwenye flashi, na ukirudi ipitishe kwenye antivairasi kabla hujaichomeka maabara.

## Barua pepe

7. Lazima nitumie anwani ya chuo? Kundi la WhatsApp la darasa linatosha.

Lazima, kwa mambo rasmi. Tangazo la mtihani, barua ya fildi, matokeo ya rufaa, yote yanapelekwa kwenye anwani ya chuo, na ikishatumwa huko inahesabika umeipata. Kauli ya "sikuona kwenye grupu" haikubaliki mbele ya kamati. Anwani inayoishia na ac.tz ina faida nyingine pia: baadhi ya kampuni za programu hutoa bure au kwa bei ya chini kwa mwenye anwani ya chuo, na unapomwandikia mtafiti wa mbali anajua ni nani anayebisha hodi.

8. Namwandikiaje mkufunzi?

Weka mada inayoeleweka, kwa mfano "Ombi la kuongezewa siku mbili, kazi ya Takwimu". Anza na salamu ya heshima, eleza shida kwa sentensi chache, malizia na jina kamili, kozi na namba ya usajili. Shikamoo haijakatazwa kwenye barua pepe, na wapo wakufunzi wanaoipenda. Kinachokera ni barua isiyo na jina, yenye neno "mambo" na picha ya kazi iliyopigwa pembeni. Mkufunzi ana wanafunzi 200, hawezi kukisia wewe ni nani kwa anwani ya zamani uliyoifungua ukiwa sekondari.

9. Naweza kutuma kwa wote tangazo la msiba au mchango wa harusi?

Msiba unatangazwa, lakini kupitia ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Wao wanathibitisha na familia kwanza, kisha tangazo linatoka na namba moja ya kupokelea rambirambi. Utaratibu huu ulikuja baada ya tangazo moja kuzunguka na namba tatu tofauti, na hela za watu zikapotelea kwenye mbili kati ya hizo.

Harusi, send-off, kipaimara na sherehe ya kumaliza chuo vibaki kwenye makundi yenu ya simu. Na barua ikikufikia kwa bahati mbaya pamoja na watu 900, usibonyeze "jibu wote" kuandika "sihusiki". Wakifanya hivyo watu hamsini, seva inasukuma barua 45,000 ndani ya asubuhi moja.

10. Ninauza dagaa wa Ukerewe kwa wenzangu. Naweza kutangaza kwa anwani ya chuo?

Tunafurahi kuona mtu anajilipia ada, lakini hapana. Mnunuzi akiona anwani ya chuo anaamini chuo kimesimama nyuma ya mzigo. Ukimwambia dagaa ni wa kuanikwa kwenye chanja, akifungua mfuko akakuta mchanga, malalamiko yataletwa kwa Mkuu wa Chuo. Tumia namba yako na kurasa zako. Ubao wa matangazo karibu na kantini uko wazi kwa biashara za wanafunzi, omba nafasi kwa serikali ya wanafunzi.

## Kwenye waifai

11. Filamu, mpira na mikeka je?

Kubeti kumezuiwa kabisa kwenye mtandao wa chuo, mchana na usiku, na hatutafungua hata ukituandikia barua. Tumeshaona ada ikiishia kwenye mkeka. Mpira wa moja kwa moja unaoneshwa ukumbini kwa runinga moja, ili mechi moja itazamwe na watu 300 bila kugusa laini. Video za masomo ni ruksa wakati wote. Za burudani subiri baada ya saa sita usiku, laini inapokuwa tupu.

Kupakua na kugawana filamu, muziki au vitabu vya wizi ni kosa wakati wowote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimwachi mwanafunzi nje. Picha na video za ngono nazo ni marufuku, na hapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ina neno lake.

12. Chumbani kwangu waifai haifiki vizuri. Naweza kuchomeka ruta yangu kwenye soketi ya ukutani?

Tafadhali usifanye hivyo. Ruta ya dukani ikichomekwa ukutani mara nyingi huanza kugawa namba za mtandao kwa vifaa vya jirani, kana kwamba yenyewe ndiyo mwenye nyumba. Simu za korido nzima zinapokea namba za uongo, zinaonesha zimeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Sisi huku tunatafuta kosa kwenye minara yetu, kumbe kiboksi kiko chini ya kitanda. Tuambie namba ya chumba, tutakuja kupima. Kurusha mtandao wa simu yako kwa bando lako ni sawa. Kurusha waifai ya chuo kwa mtu asiye na akaunti si sawa, kwa sababu ileile ya swali la 4.

Radi zikianza kupiga kutoka ziwani, chomoa waya wa mtandao na wa umeme, vyote viwili. Wengi huchomoa umeme peke yake, na radi inaingia kwa waya uliobaki.

13. VPN inaruhusiwa?

VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia ya siri kupitia seva ya mtu mwingine, inaruhusiwa kwenye mtandao wa chuo kwa kibali tu. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo Oktoba 2023 ikiwataka watu na taasisi ambazo kazi zao zinahitaji VPN kuzisajili. Mtafiti anayehitaji kuingia kwenye mfumo wa mshirika wake aje tumsaidie kufuata njia hiyo. VPN za bure za kupakua kwenye simu tunazikataza pia kwa sababu nyingine: mwenye VPN hiyo ndiye anayepitisha kila kitu chako, na wewe humjui.

Ukurasa unaouhitaji kwa masomo ukiwa umezuiwa na kichujio chetu, tuandikie anwani yake na jina la somo. Kichujio hukosea. Mwanafunzi wa uuguzi aliwahi kuzuiwa kusoma kuhusu saratani ya matiti, na alikuwa na haki ya kukasirika.

14. Nywila ya Hinari ya maktaba naweza kuiweka kwenye grupu la ukoo, dada yangu naye anasoma?

Hapana. Hinari, iliyoanzishwa kupitia Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, inatupa majarida ya tiba kwa makubaliano kwamba ni ya watu wa chuo hiki. Nywila ikionekana nje, chuo kizima kinaweza kufungiwa, na watakaoumia kwanza ni wenzako walio kwenye tasnifu. Dada aulize maktaba ya chuo chake.

## Matapeli

15. Nimepata ujumbe wa bumu unaonitaka nithibitishe akaunti. Ni wa kweli?

Karibu siku zote si wa kweli. Matapeli wanajua bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, linatoka lini kama mnavyojua nyinyi, na barua zao zinakuja siku hizohizo. Zinasema jina lako limerukwa, thibitisha ndani ya saa 24, kisha zinakupa linki.

Isome anwani ya linki kabla ya kuigusa. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma. Tovuti ya Bodi ya Mikopo inaishia na heslb.go.tz. Ukikuta neno heslb limeungwa kwa kistari na neno jingine, kisha .com, hiyo si Bodi. Alama ya kufuli isikulaghai, maana inaonesha tu kwamba njia imefungwa kwa siri kati yako na tovuti. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli.

Sisi wa TEHAMA hatuombi nywila kwa simu, kwa barua wala ana kwa ana. Anayekuomba, hata akijitambulisha kwa jina la mmoja wetu, mkatie. Ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na ndugu zake upeleke kwenye namba 15040.

16. Nimeshabonyeza na kujaza nywila. Mtanifukuza?

Hapana, na ninaomba hili lifike kila hosteli: anayekuja kusema ameingia mtegoni haadhibiwi. Badilisha nywila kama ilivyoelezwa swali la 6, kisha njoo hata kama ni usiku. Ukikaa kimya siku tatu kwa aibu, tapeli anakuwa na siku tatu za kuandikia watu kwa jina lako. Kama uliweka namba ya siri ya benki au ya pesa za simu, wapigie wao kabla yetu.

## Faragha, sheria na adhabu

17. Mnaona ninachofungua?

Tunaona kifaa chako kimeingia saa ngapi, kimetembelea tovuti ya jina gani, na kimevuta data kiasi gani. Kwa tovuti zenye kufuli, ambazo sasa ndizo nyingi, hatuoni ulichoandika wala ukurasa gani ndani yake. Mazungumzo yako ya WhatsApp hatuyasomi na hatuna uwezo huo. Kumbukumbu hizi tunazitunza siku 90.

Barua pepe ya chuo ni jambo jingine. Kiufundi inaweza kufunguliwa na msimamizi, kwa hiyo tumejifunga: inafunguliwa kwa kibali cha maandishi cha Mkuu wa Chuo au kwa amri ya kisheria, watu wawili wakiwepo, na mwenyewe anaarifiwa pale sheria inaporuhusu. Mpenzi, mzazi, au mkufunzi anayetaka kujua fulani anaandikiana na nani hatumsaidii, hata akija analia.

18. Nimeona picha za ajali. Kuna ubaya gani nikizisambaza kwa tahadhari?

Sisi ni watu wa ziwani. Karibu kila mmoja hapa ana ndugu anayevuka maji. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara, watu zaidi ya mia mbili walipoteza maisha, na humu tuna wanafunzi waliopoteza mzazi siku ile. Fikiria mmoja wao yuko maabara, anafungua barua kutafuta kazi ya Takwimu, anakutana na picha ya mwili ufukweni iliyotumwa kwa wote na kichwa cha habari "poleni". Kwa hiyo: picha za maiti na majeruhi hazipiti kwenye mtandao wa chuo, kwa nia yoyote ile. Habari ya ajali isiyo na chanzo cha uhakika usiisukume mbele. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinahusu taarifa za uongo, na "nimeforwadi tu" si utetezi.

19. Adhabu zikoje?

Kosa dogo la mara ya kwanza, kama ruta ya chumbani, ni onyo na kuitoa. Likirudiwa, akaunti inafungwa wiki mbili isipokuwa mfumo wa masomo, maana hatutaki mtu apate sapu, arudie mtihani, kwa sababu ya waifai. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini, kugusa alama za mtihani, vitisho, na kusambaza picha za faragha za mwenzako, hayo yanakwenda kamati ya nidhamu moja kwa moja, na yanaweza kufika polisi; kuingia mfumo bila idhini ni kifungu cha 4 cha sheria ileile. Una haki ya kuziona kumbukumbu zinazotumika dhidi yako na kukata rufaa ndani ya siku 14.

## Hali zisizo za kila siku

20. Niko fildi hospitalini. Naweza kuweka taarifa za mgonjwa kwenye programu ya akili unde (AI) inisaidie kuandika ripoti?

Usiweke jina, namba ya faili, kijiji, picha, wala kitu chochote cha kumtambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na ukishazibandika kwenye programu ya nje huwezi kuzirudisha. Kijiji kidogo chenye mgonjwa mmoja wa ugonjwa adimu kinatosha kumtaja mtu bila jina. Kama programu hizo zinaruhusiwa kwenye kazi yenyewe, muulize mkufunzi wako. Hilo liko kwenye kanuni za mitihani.

21. Nagombea serikali ya wanafunzi. Naweza kufanya kampeni kwa barua pepe?

Kila mgombea anapata barua moja kwa wote, ya urefu uleule, na tume ya uchaguzi ya wanafunzi ndiyo inayoituma. Zaidi ya hiyo, hapana. Siasa za vyama haziruhusiwi kabisa kwa anwani ya chuo.

22. Nikimaliza chuo akaunti inafungwa lini?

Miezi sita baada ya mahafali. Hamisha mapema tasnifu, barua za wadhamini na picha zako, na ubadilishe anwani kwenye maombi ya kazi. Kila mwaka wapo wanaokuja mwezi wa saba baada ya mahafali wakitafuta barua ya kuitwa usaili.

23. Ndugu yetu aliyekuwa mwanafunzi amefariki. Familia inaweza kupata picha na kazi zake?

Poleni sana. Hatutoi nywila yake kwa mtu yeyote, lakini hatufuti kitu. Mzazi au msimamizi wa mirathi aje na cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, aonane na mshauri wa wanafunzi. Tutakaa na mtu mmoja mtakayemchagua, tutatoa picha, kazi za masomo na nyaraka za familia, na kuziweka kwenye flashi. Barua alizoandikiana na watu wengine hazitafunguliwa. Hakuna malipo, na ikiwa mnatoka visiwani tuandikieni kabla, tupange siku ambayo mtawahi kivuko cha kurudi.